UZI: Graeme Obree, fundi aliyevunja rekodi ya dunia kwa baiskeli ya kujiundia. Leo tuache kwanza habari za mashine ya kufulia

#1 FundiSpoku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye kundi letu la mafundi jamaa mmoja alirusha picha ya baiskeli ya ajabu ajabu. Haina bomba la juu, usukani umefinywa umekaa chini ya kifua, uma wa mbele una mguu mmoja. Chini kaandika: "Jamaa kang'oa gololi kwenye mashine ya kufulia, kavunja rekodi ya dunia." Watu wakacheka wee, mmoja akasema huyo angezaliwa Gerezani, kule kwa mafundi wa Dar, angekuwa tajiri, ikaishia hapo.

Mimi sikucheka sana. Huyo mtu namfahamu, yaani nimemsoma, si kwamba tumekunywa chai. Anaitwa Graeme Obree, Mskoti. Miaka zaidi ya 30 sasa, kila anapotajwa zinatangulia gololi ndipo jina lake lifuate. Mwenyewe alishasema anajuta kuwaambia waandishi habari za zile gololi. Kwa hiyo leo nataka kumwelezea mtu, baiskeli itakuja kwa nafasi yake. Nitaandika kwa vipande, niko kibandani na wateja wanaingia.

Kwanza mjue hiyo rekodi yenyewe. Inaitwa rekodi ya saa moja. Unapewa uwanja wa mbao uliopinda kama bakuli, unapewa dakika 60, unazunguka peke yako, mwisho wanapima umekwenda umbali gani. Hakuna wa mbele kukukatia upepo. Na baiskeli ya uwanjani haina breki wala friwili, gurudumu likizunguka na pedeli inazunguka, kwa hiyo hata kuserereka ukapumzisha miguu huwezi. Mwaka 1972 Mbelgiji Eddy Merckx, ambaye wengi humweka juu ya waendesha baiskeli wote waliowahi kuishi, alikwenda kilomita 49.431 kule Mexico City. Mwaka 1984 Mwitaliano Francesco Moser akaenda hukohuko, mlimani ambako hewa ni nyepesi, na magurudumu yaliyozibwa kama sahani, akafanya 51.151. Ikakaa miaka tisa.

Sasa mwaka 1993 anatokea kijana wa miaka 27 kutoka Ayrshire, Uskoti. Hana timu, duka lake la baiskeli limeshakufa, madeni yapo, mke yupo. Anatangaza kwamba ya Moser anaivunja yeye.

Narudi, kuna mtu kaleta rimu limekuwa umbo la namba nane.

#2 Mzee wa Nzega

Weka vitu mkuu. Mimi nimetoka Nzega mpaka Tabora na Phoenix, gunia la mpunga nyuma. Nataka kumsikia huyo asiyekuwa na gunia.

#3 Chacha_Jr

Nimeweka kambi hapa. Kilomita 51 kwa saa kwa miguu? Daladala yangu ya asubuhi haijawahi kufika huko hahaha.

#4 FundiSpoku

Tuendelee.

Alizaliwa 1965 Nuneaton, England, ila amekulia Newmilns, mji mdogo wa Uskoti. Baba yake polisi. Waliokulia kota za polisi mtanielewa: mtoto wa polisi shuleni ama anaogopwa ama anapigwa. Yeye na ndugu yake Gordon walikuwa wa kupigwa. Baiskeli kwake haikuanza kama mchezo, ilikuwa njia ya kutoka pale mjini.

Shindano lake la kwanza lilikuwa la maili 10. Alitokea na kaptura, koti la mvua na mabuti. Akadhani pa kuanzia ndipo pa kumalizia, akasimama zikiwa zimebaki kama yadi 100, akaanza kubadilisha nguo. Wasimamizi wakamwambia, wewe, bado, endelea. Akapanda tena. Pamoja na vituko vyote hivyo alitumia kama nusu saa.

Sasa baiskeli. Aliita Old Faithful, yaani ile isiyokuangusha. Hakuiunda ili kuchekesha watu. Tatizo lilikuwa upepo. Ukiwa kwenye kasi ile, sehemu kubwa ya nguvu yako inaliwa na hewa, na kinachoikinga hewa si chuma, ni mwili wako. Kampuni zilikuwa zinapunguza gramu kwenye fremu, yeye akapunguza mtu. Akaikunja mikono ikaingia chini ya kifua kama ndege aliyekunja mbawa, kifua kikakaa juu ya viganja, pua ikatangulia.

Halafu miguu. Akagundua anapotembea miguu yake hukaribiana kuliko inavyokaribiana juu ya pedeli. Akataka pedeli zisogeleane, nafasi kati yake iwe upana wa ndizi moja. Magoti yangegonga bomba la juu? Akalitoa. Hakuna gololi za dukani zinazokaa kwenye nafasi nyembamba vile? Akafikiria: mashine ya kufulia inazunguka mara 1,200 kwa dakika na haiungui, gololi zake lazima ziwe nzuri. Haya, ndizo hizo. Sentensi tatu tu, tumemaliza.

#5 binti_wa_Rungwe

Ndizi gani lakini mkuu? Maana kwetu kuna mkono wa tembo na kuna kisukari.

#6 FundiSpoku

Ya Ulaya dada, zile zinazouzwa kwenye mfuko wa plastiki.

#7 Otis wa Eldoret

Hii ni jua kali kabisa. Lakini hebu tuambie ilikuwaje siku yenyewe.

#8 FundiSpoku

Siku yenyewe zilikuwa mbili, na kwangu mimi hapa ndipo utamu ulipo.

Hamar, Norwei. Kuna ukumbi mkubwa wenye paa kama jahazi la Waviking lililopinduliwa, ulijengwa kwa ajili ya olimpiki ya baridi ya 1994. Ndani wakaweka uwanja wa mbao wa mita 250. Tarehe 16 Julai 1993 Obree anapanda, lakini si kwenye Old Faithful. Alikuwa na nakala yake iliyotengenezwa kitaalamu zaidi, safi, haina makovu ya fundi wa chumbani. Saa ikaisha. Akawa amepungukiwa na Moser karibu kilomita nzima.

Kwa mtu wa kawaida hadithi imekwisha. Juhudi kama ile miguu inadai siku kadhaa za kupumzika. Yeye alikuwa amekodi uwanja kwa saa 24. Akasema: kesho asubuhi narudia, na narudi na baiskeli yangu.

Usiku akanywa maji mengi makusudi. Kwa nini? Ili kila baada ya muda kibofu kimwamshe. Akiamka anajinyoosha misuli, anakunywa tena, analala, anaamshwa tena. Alijua akilala usingizi mmoja mpaka asubuhi angeamka mkavu kama ukuni. Asubuhi alikuwa uwanjani.

Tarehe 17 Julai: kilomita 51.596. Mita 445 zaidi ya Moser. Zaidi ya mizunguko 200 akiwa amejikunja vile, kwa miguu iliyokwishachoshwa jana yake.

Nikikaa hapa kibandani nikifikiria usiku ule, si kwamba naona ushujaa. Namwona mtu asiyeweza kurudi nyumbani bila ile kitu. Mwenyewe amekuja kueleza kwamba kilichokuwa kinamsukuma ni woga wa kushindwa kuliko hamu ya kushinda. Ulipopatikana ushindi hakikuja kicheko, ulikuja unafuu. Na unafuu, mnajua, haudumu.

#9 Mzee wa Nzega

Hayo maji ya usiku wazee wa zamani wa posta ya baiskeli walikuwa wanajua. Ukilala moja kwa moja kesho goti halikunjuki.

#10 Mwanasheria wa Mtaa

Sawa, ila mbona nimesikia rekodi yake haikukaa hata wiki?

#11 FundiSpoku

Kweli kabisa. Siku sita.

Kulikuwa na Chris Boardman, Mwingereza, fundi seremala, dhahabu ya olimpiki Barcelona 1992 kwenye mbio za kufukuzana kilomita 4. Hizo za kufukuzana ni wawili, mmoja anaanza upande huu wa uwanja mwingine upande ule, wanaondoka pamoja. Boardman alikuwa na mtaalamu wa sayansi ya michezo, na ile dhahabu aliipata juu ya baiskeli ya Lotus, wale wa magari. Tarehe 23 Julai 1993 pale Bordeaux, Ufaransa, siku ambayo Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za barabarani, inapita mjini, akafanya 52.270. Wakampandisha jukwaani pamoja na Mhispania Miguel Indurain, nyota wa mbio hizo.

Wengi wangesema basi. Mwezi uliofuata mashindano ya dunia yakafanyika Hamar ileile. Nusu fainali: Obree na Boardman. Obree akashinda. Fainali akamfunga Mfaransa Philippe Ermenault, akawa bingwa wa dunia. Chakula chake siku hizo, alisema, mikate ya jamu na kongofleksi. Na Aprili 1994 akaenda Bordeaux akaichukua rekodi ya saa tena, 52.713.

Nasahau kitu kitamu. Januari 1994 Moser mwenyewe, miaka 42, alirudi Mexico City akajaribu tena, na safari hii alijikunja kwa mkao wa Obree. Akafanya 51.840, zaidi ya alivyofanya akiwa kijana. Tajiri kaja kuazima koti kwa maskini.

#12 Chacha_Jr

Hiyo ya koti nimeichukua mkuu, kesho naitumia kazini.

#13 FundiSpoku

Sasa yanaanza mabaya.

Shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, halikuupenda ule mkao. Agosti 1994, Palermo, Italia, mashindano ya dunia, Obree anatetea taji. Kama saa moja kabla ya kupanda anaambiwa kuna sheria mpya, mkao wako hauruhusiwi. Saa moja. Akapanda vilevile na mkao wake. Wakamfuta.

Mwezi Septemba Indurain, aliyekuwa ameshachukua Tour de France mara nne, akafanya 53.040 na rekodi ya saa ikaondoka. Kabla ya mwaka kuisha Mswisi Tony Rominger akaifikisha 55.291.

Obree akakaa chini akabuni mkao mwingine. Kama mikono chini ya kifua ni haramu, basi itakwenda mbele kabisa, imenyooka, kama mtu anayeruka angani. Watu wakauita mkao wa Superman. Mwaka 1995, Bogotá, Kolombia, akawa bingwa wa dunia kwa mara ya pili. Mwaka 1996 Boardman akaazima mkao huohuo, akafanya 56.375 pale Manchester.

Halafu na wenyewe ukapigwa marufuku. Mikao miwili, kichwa kimoja, yote imefungwa.

#14 Mwanasheria wa Mtaa

Naomba nitofautiane na wengi. Shirikisho lilikuwa sahihi kwa hoja, si kwa namna. Mchezo ukiachwa uwe wa kubuni mikao, keshokutwa mtu anakuja amelala chali ndani ya chupa. Lazima pawe na mpaka. Kosa lao ni kumwambia mtu saa moja kabla. Hapo ndipo haki ya msingi ilipovunjwa: huwezi kubadilisha sheria kesi ikiwa mezani.

#15 Otis wa Eldoret

Hii tumeiona kwetu na viatu. Kipchoge alipokimbia marathoni Vienna 2019, saa 1:59:40, dunia yote ikaanza kupima soli badala ya miguu. Mwanzoni mwa 2020 shirikisho la riadha likaweka kikomo, soli isizidi milimita 40. Lakini angalia tofauti: ile kampuni ya viatu ina mawakili na ilipewa nafasi ya kujipanga. Obree alikuwa peke yake. Sheria inafika haraka kwa asiye na wakili.

#16 FundiSpoku

Mwanasheria, nusu nakubali. Na hao UCI walikuja kufanya kitu kilichonichekesha kwa uchungu. Baadaye waliamua rekodi zote za baada ya Merckx, kuanzia Moser 1984 mpaka Boardman 1996, ziwekwe kwenye daftari jingine, eti juhudi bora ya binadamu. Rekodi halisi ikarudi ile ya Merckx ya 1972, na anayeitaka apande baiskeli ya kizamani. Boardman akapanda, Oktoba 2000, Manchester, akafanya 49.441. Mita 10! Miaka 28, sayansi yote ile, mita kumi. Hapo unaona kwamba kumbe ugomvi wa miaka ya tisini ulikuwa juu ya upepo, na aliyeuelewa upepo mapema kuliko wote ni jamaa aliyekuwa anaganga vyuma chumbani.

Mwaka 2014 wakabadili tena, wakaruhusu baiskeli za kisasa. Leo rekodi ni ya Mwitaliano Filippo Ganna, 56.792, Oktoba 2022 huko Uswisi.

#17 binti_wa_Rungwe

Mimi si mtu wa baiskeli, nimeingia kwa sababu ya ndizi. Ila mbona umesema leo unamwelezea mtu na bado tuko kwenye mita?

#18 FundiSpoku

Dada umenikamata. Ukweli nimekuwa nazunguka.

Oktoba 1994 Gordon alikufa kwa ajali ya gari. Yule waliyepigwa naye utotoni. Miezi miwili baada ya Palermo.

Mwaka 1995 akasajiliwa na timu ya kulipwa ya Ufaransa, Le Groupement. Kwa mara ya kwanza mshahara, jezi, nafasi ya kuanza Tour de France. Hakudumu, walimwondoa kabla hajaanza kitu. Baadaye alieleza kwamba alionyeshwa wazi kuwa ili kwenda nao lazima atumie dawa za kuongeza nguvu, akakataa. Alisema anaona sehemu ya maisha yake ya mchezo iliibwa. Timu yenyewe ilikufa mwaka huohuo. Sisi tunaokumbuka miaka ile ya Tour tunajua baadaye yalifumuka mangapi, kwa hiyo mimi sioni sababu ya kutomwamini.

Mkiziweka pamoja: sheria Palermo, ndugu kaburini, kazi imekufa. Mwaka mmoja.

#19 Ustadh Baiskeli (Unguja)

Assalaam alaykum. Ndugu yangu FundiSpoku umenikumbusha mwengine ambaye wengi hapa hawamjui, na ni wetu kwa rangi: Marshall Taylor, wakimwita Major. Mmarekani mweusi, kazaliwa Indianapolis 1878. Mwaka 1899 kule Montreal alikuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi za uwanjani. Mweusi, bingwa wa dunia, 1899! Huku kwetu hata mkoloni hajamaliza kuchora ramani.

Wazungu wenziwe wa uwanjani walimzongea, wakamfungia njia, na mwaka 1897 huko Taunton, Massachusetts, mmoja baada ya kushindwa alimkaba koo mpaka akazimia. Adhabu yake faini ya dola 50. Chama chao kilikuwa kimeshaweka sheria tangu 1894 kuwa mweusi si mwanachama. Na yeye alikuwa mtu wa dini khasa, Jumapili hashindani hata umpe nini, mpaka Wafaransa wakakubali kumwekea mbio siku nyengine. Mwaka 1901 akenda Paris akapambana na bingwa wao Jacquelin, akafungwa mara ya kwanza, akamfunga mara ya pili.

Mwisho wake? Biashara zilianguka, kitabu chake akakichapisha kwa pesa zake mwenyewe, akafa Chicago 1932 katika wodi ya maskini, akazikwa kaburi lisilo na jina. Mwaka 1948 ndipo wapanda baiskeli wa zamani wakamhamisha wakamwekea kibao.

#20 Chacha_Jr

Ustadh hiyo ifungulie uzi wake kabisa. Dola 50 kwa kumkaba mtu??

#21 Mkali wa Kitaa

Haya yote sawa ila nimegugo kidogo, nimeona huyo Obree alijaribu kujiua zaidi ya mara moja. Mtu ana medali mbili za dunia ana mke ana watoto anataka kujiua? Huyo si wa kuandikiwa uzi, ni wa kupelekwa Mirembe hahahaha.

#22 FundiSpoku

Nilikuwa nafika huko. Mkali, subiri.

Ni kweli. Akiwa kijana alijaribu, baba yake siku hiyo akarudi mapema kutoka kazini. Akarudia tena akiwa mtu mzima, ameshakuwa bingwa. Na Desemba 2001 ilikuwa mbaya kuliko zote, aliokolewa kwa sababu mtu alitokea kwa wakati. Njia alizotumia sitaziandika, hazitusaidii. Madaktari walisema ana bipola, ule ugonjwa wa kupandishwa juu sana kisha kuporomoshwa chini kabisa.

Sasa rudini kwenye ule usiku wa Hamar. Mtu anajiamsha usiku kucha ili kesho arudie mateso yaliyomshinda leo. Sisi tunaona nia ya chuma. Inawezekana kabisa ilikuwa nia. Na inawezekana pia kwamba ni mtu ambaye ndani ya kichwa chake kushindwa na kufa vilikuwa vinakaa chumba kimoja. Ndiyo maana zile gololi zinanikera. Ukimcheka kwa gololi, huna haja ya kuuliza kilichokuwa kinaziendesha.

#23 nesi_wa_zamu

Nasoma nikiwa zamu ya usiku. Mkali wa Kitaa, Mirembe ni hospitali. Watu wanaingia wanatibiwa wanarudi makwao wanalima, wanafundisha, wanaendesha bodaboda uliyopanda leo. Ukiligeuza jina hilo kuwa tusi, jirani yako mwenye shida atakaa nalo ndani kwa sababu yako.

Na hilo swali la "ana medali anataka nini tena" nalisikia wodini kila wiki, tena kutoka kwa ndugu wa mgonjwa. Ana kazi anataka nini, ana watoto anataka nini. Sonona haikagui mali. Bipola nayo haikagui. Tena mtu wa aina hiyo akiwa juu anafanya kazi usiku na mchana, anabuni, watu wanamsifu. Hakuna anayempeleka hospitali mtu anayeleta ushindi.

Kama kuna anayesoma hapa na mawazo ya aina hiyo yanamjia, usikae nayo peke yako usiku wa leo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, na asubuhi mwende naye hospitali iliyo karibu. Tunawapokea, hatuwashangai.

#24 Mkali wa Kitaa

Dada nesi nimekuelewa. Niliandika kwa utani lakini utani wenyewe haukuwa mzuri. Samahani kwa wote.

#25 Mzee wa Nzega

Umefanya la kiume kijana. Mimi nina mdogo wangu alikuwa hivyo. Alikuwa anaweza kujenga tanuri la matofali peke yake siku mbili bila kulala, kijiji kizima kinamsifu, halafu mwezi mzima hatoki ndani. Tulisema kalogwa. Tukauza ng'ombe wanne kwa waganga. Sijui kwa nini naandika haya kwenye uzi wa baiskeli.

#26 FundiSpoku

Mzee wangu, shikamoo. Uzi ni wako pia. Mdogo wako yukoje sasa?

#27 Mzee wa Nzega

Marahaba. Yupo. Anakunywa dawa za hospitali mwaka wa sita huu. Tanuri halijengi tena kwa siku mbili, anajenga kwa wiki mbili kama watu wote.

#28 Otis wa Eldoret

Pole na hongera mzee.

Fundi, na Obree mwenyewe? Yuko hai?

#29 FundiSpoku

Yuko hai. Mwaka 2003 alitoa kitabu cha maisha yake, baadaye ikatoka na filamu. Ndoa yake ilivunjika. Mwaka 2011 akajitokeza hadharani akasema kwamba anavutiwa na wanaume, na kwamba alilelewa akiamini ni afadhali mtu afe kuliko awe hivyo. Najua jukwaa hili, najua baadhi yenu mtataka kuhamishia mjadala huko. Kila mtu na imani yake, mimi sikufungua uzi wa kuhukumu. Nasema tu mkisoma sentensi hiyo, afadhali afe, mkumbuke mambo ya #22, mtaona mzigo mmoja zaidi aliokuwa anauzungusha kwenye zile mbao.

#30 Ustadh Baiskeli (Unguja)

Hapo mimi na yeye njia mbali mbali, dini yangu inajulikana. Lakini kumwombea mtu afe si katika dini yangu. Endelea.

#31 FundiSpoku

Ahsante Ustadh.

La mwisho ni hili, maana nataka kufunga kibanda. Mwaka 2013, akiwa na miaka 48, akaunda chombo kingine jikoni kwenye nyumba yake ya Saltcoats. Unalala kifudifudi, kichwa mbele, uso karibu uguse lami, juu umefunikwa na ganda kama samaki. Akakiita Beastie. Akakipeleka Battle Mountain, Nevada, Marekani, ambako wanashindana kwenye barabara iliyonyooka kuona nani anakwenda kasi kuliko wote kwa miguu yake. Alitaka kufika maili 100 kwa saa. Hakufika, alifika maili 56.62, kama kilomita 91 hivi. Ila kwa wanaolala kifudifudi hakuna aliyekuwa amefika pale kabla yake.

Mwanasheria, ile chupa yako uliyoisema kule juu, jamaa aliingia ndani yake kweli. Ila si chali.

Na ndiyo, kabla hamjaanza: sehemu ya kuegemeza mabega alitumia kipande cha sufuria.

#32 Mwanasheria wa Mtaa

Hahaha nimekubali kushindwa. Huko hakuna sheria ya mkao?

#33 FundiSpoku

Huko ni kama Gerezani mkuu. Ukija na chombo kinachokwenda, kinakwenda.

#34 binti_wa_Rungwe

Nimetafuta video ya Hamar. Kuna mahali karibu na mwisho anainua kichwa kidogo kuangalia mbele halafu anakirudisha chini. Sijui kwa nini nimelia hapo. Usiku mwema wote, na Mzee wa Nzega msalimie mdogo wako.

#35 Dogo Spana

Wakuu habari, ndo naingia, uzi mrefu sijausoma wote. Hivi hizo gololi za mashine ya kufulia zinaingia kwenye Phoenix? Na Kariakoo zinauzwa bei gani?

#36 FundiSpoku

Dogo, rudi #1.